Salamu Tupu za Sikukuu Mosi

Ukimwamkia Jamil, jitayarishe kusubiri. Haitikii huku akiendelea na kazi kama tufanyavyo sisi wengine. Huondoa vidole kwenye kibodi, huvua miwani, hukutazama usoni, ndipo akasema, "Marahaba," neno zima mpaka mwisho wake, kwa sauti ya mtu aliyepokea kitu mkononi. Vijana wa redio wanaompitia na "mambo" hawapati hata kikohozi. Nilimcheka siku moja, nikamwambia anatuchelewesha.

"Shikamoo ni amana, Bi Biasha," akanijibu. "Mtu kakukabidhi. Utaipokeaje na huku unatazama pembeni?"

Mimi ndiye msoma salamu wa Redio Marashi. Tupo ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani Mkunazini, ngazi zake zimesimama wima hata mgeni akifika hukaa kwanza ndipo akaeleza shida yake. Mtu aliyeko Maskati, Toronto au hapa hapa Mpendae huingia kwenye tovuti yetu akajaza jina lake, mahali alipo, anayemsalimia, na ujumbe. Hayo yote huingia katika hifadhidata, ghala la maneno ndani ya kompyuta, na kila siku baada ya Alasiri mimi huyafungua studioni nikayasoma. Ghala hilo ni la Jamil. Yeye ndiye aliyelijenga, yeye ndiye anayelifagia, na kwa muda mrefu hapana mwengine aliyeruhusiwa hata kushika kitasa chake.

Ni mtu wa Kiponda, Mwarabu wa wale ambao babu zao walikuwa na mikarafuu na wajukuu wana hadithi za mikarafuu. Nyumba aliyorithi ina duka la vinyago chini, ambalo si lake, ina vyumba vibovu katikati, na juu anakaa yeye peke yake. Alianza maisha akiwa karani wa simu. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu alivyoagizia kwa binamu yake Dubai, na alipokuja kwetu salamu zilikuwa bado zinaandikwa kwenye kadi na kutiwa ndani ya kikapu. Kikapu kile anacho mpaka leo chini ya meza yake. Anatia nyaya mbovu.

Sifa yake kubwa aliipata kwa herufi za Kiarabu. Wazee wa mtaa wa Malindi na jamaa zao wa Maskati walikuwa wakituandikia Kiswahili kile kile lakini kwa khati waliyojifunza chuo cha Kurani, na kwenye skrini yangu zikawa zinatoka alama za kuuliza, mstari mzima. Nilikuwa nikisema hewani, "Mzee wetu wa Malindi leo ana maswali mengi," watu wakacheka. Jamil hakucheka. Alinikalisha akanieleza kwamba kila herufi duniani imepewa namba yake, na kwamba wapo watu wanaokaa vikao kuzigawa namba hizo, na kila mwaka wanaongeza nyengine. Hifadhidata isiyozijua namba huandika alama ya kuuliza. Akaenda akaifunza ya kwetu. Siku salamu ya mzee wa kwanza ilipotoka na nukta zake zote, alinunua halua, tukala na kahawa, na mimi nikamwomba mzee msamaha hewani.

Baada ya hapo Jamil akafunga mlango. Dunia ya herufi iliendelea kwenda, yeye akakaa pale pale alipoila halua yake. Kila programu ya hifadhidata ilipotoa toleo jipya, kompyuta yake ikimkumbusha, alibonyeza "baadaye." Nilipomuuliza, akasema kitu kimeshapona, huendi kukichokonoa. Watu walianza kutuma salamu zenye emoji, mioyo na maua na nyuso za kucheka, na kwangu havikuonekana. Jamil akasema hivyo ni vitu vya kitoto vya watu wasiojua kuandika, na vikidondoka njiani hapana hasara.

Kumbe havikuwa vinadondoka peke yao.

Lakini kwanza nikwambie habari ya Rawiya, maana bila ya yeye hii ni habari ya mashine tu, na mimi mashine hazinihusu.

Rawiya ni mtoto wa pekee wa Jamil na marehemu Bi Maha. Tangu yuko mdogo, Sikukuu Mosi, siku ya kwanza ya Idi, baba yake alikuwa akimpandisha ngazi zetu na gauni jipya, akamweka juu ya kigoda mbele ya kipaza sauti, na mtoto akasema, "Shikamoo mama, shikamoo baba, Idi mubarak." Bi Maha alikuwa akimsikia nyumbani huku anapanga vileja, vile vibiskuti vya Idi. Mtoto akakua, akaolewa, akahamia Maskati na mumewe, na bado kila Idi, ndogo na kubwa, salamu zake zilikuwa zikija kupitia tovuti. Nilikuwa nikizisoma mimi, na Jamil aliyeko nje ya kioo cha studio alikuwa akisema "Marahaba" peke yake, nikiona midomo.

Bi Maha alipofariki, Rawiya na mumewe walikuja. Likizo ya mume ikamalizika kabla ya arobaini. Jamil alitaka mwanawe abaki mpaka hitma ya marehemu isomwe, mume akasema kazi haingoji, na Rawiya akawa katikati na mtoto mchanga mkononi. Wakagombana kwenye ngazi za Kiponda, mabegi yakiwa yameshateremshwa.

"Ukiteremka ngazi hizi kabla ya arobaini ya mama'ako," Jamil alimwambia, "usinipigie simu."

Rawiya ni mtoto mtiifu, na hapo ndipo penye balaa. Alitii. Hakupiga.

Haya sikuyajua wakati ule. Nilichokijua ni kwamba Jamil alianza kuja kazini Sikukuu Mosi, siku ambayo hata paka wa Mkunazini wako likizo. Huja na kanzu nyeupe na kofia yake ya viua, anakaa nje ya kioo tangu salamu ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha ananambia, "Umesoma vizuri," na kuteremka. Watoto wako Mnazi Mmoja kwenye pembea, majirani wanapelekeana sahani, na yeye anarudi kwenye nyumba ambayo mlango wake haugongwi. Mara moja nilimpa vileja vyangu kwenye mfuko. Siku ya pili niliukuta mfuko juu ya meza yake, haujafunguliwa. Nilikasirika, nikadhani ananidharau kwa kuwa natoka Michenzani, kwenye nyumba za maghorofa, si kwenye majumba ya zamani kama yake. Sasa najua alikuwa hana hamu ya kula.

Alikuwa anangoja shikamoo. Simu amemkataza, sawa, lakini redio si simu, na yeye alimjua mwanawe: akiona mlango umefungwa atapita dirishani. Kwa hiyo alikaa kwenye dirisha. Na yeye kuanza hakuweza. Nani amewahi kuona mkubwa akimwamkia mdogo? Akawa anangoja, Idi baada ya Idi, na jina la Rawiya halikutoka kinywani mwangu.

Basi tukawa tunakwenda hivyo, huku salamu zenyewe zinanyauka. Zamani mtu alikuwa anaandika barua nzima. Sasa nafungua naona, "Namsalimu mama yangu mpenzi," basi, hapana mwisho. Nikasema watu wamekuwa wavivu, na kwa kuwa sipendi kumwacha mtu hewani, nikawa nawamalizia mwenyewe: "na anamwombea afya njema na umri mrefu." Nilikuwa namalizia vizuri tu. Hapana aliyelalamika, mpaka Bi Sichana wa Mpendae alipozipanda ngazi zetu.

Alifika juu akakaa, akapumua, akavuta buibui, kisha akanitolea simu.

"We Biasha, mwanangu Wakil kaleta salamu kutoka Dubai. Kasema anakuja kuoa. Weye ukasoma ati ananiombea umri mrefu. Umri mrefu nnao! Harusi yangu umeipeleka wapi?"

Wakil alikuwa amempelekea picha ya ule ujumbe kama alivyouandika. "Namsalimu mama yangu mpenzi," kisha moyo mwekundu, kisha maneno tele: tarehe, jina la mchumba, nani aambiwe na nani asiambiwe mpaka baadaye. Kwenye skrini yangu yalifika yale yaliyo kabla ya moyo. Moyo hamna, na baada ya moyo hamna kitu.

Nikampeleka Bi Sichana kwa Jamil. Akamwitikia shikamoo yake kwa utaratibu ule ule, Bi Sichana akazidi kuchemka. Kisha Jamil akachukua ule ujumbe, akauandika kwenye tovuti yetu na moyo wake, akaupeleka, akafungua hifadhidata. "Namsalimu mama yangu mpenzi." Akajaribu tena, akautia moyo mwisho. Maneno yote yakafika, moyo peke yake haupo. Akautia moyo mwanzo kabisa, kabla ya neno lolote.

Haikufika hata herufi moja.

Aliikodolea skrini mpaka Bi Sichana akaniuliza kwa macho kama mzee ni mzima. Baadaye ndipo aliponieleza. Lile ghala lake, alipolifunza Kiarabu, alilipa nafasi ya baiti tatu kwa kila herufi. Zinatosha kwa Kiarabu, zinatosha kwa Kihindi na kwa Kichina cha kawaida. Emoji inataka nne. Ghala likikutana na kitu kisichoenea kwenye nafasi yake, lilikuwa linakata pale pale, linatupa kilichobaki na linaendelea na kazi. Lilikuwa pia likitoa onyo, lakini maonyo yalikuwa mengi yakijaza diski, Jamil akayazima. Matoleo mapya yalishalirekebisha jambo hilo zamani. Ndiyo yale aliyokuwa akiyabonyeza "baadaye."

"Basi nlikuwa mlinzi," akasema, "na mwizi nnalala naye ndani."

Mkurugenzi wetu, Ayoub, ni kijana mwenye haraka ya maisha. Alitaka kazi ya kulitengeneza ghala iwe tayari kabla ya Idi ndogo, na akataka tutangaze kwamba Redio Marashi sasa inapokea emoji zote. Jamil hakubishana. Ramadhani nzima nilimkuta anafanya kazi ile, midomo mikavu, shati limemganda mgongoni, maana umeme wetu unajua lini mtu amefunga. Si kazi ya kubonyeza mara moja. Aliitoa nakala ya ghala zima kwanza, akaiweka pembeni. Akaweka toleo jipya. Akapanua nafasi ya herufi katika kila jedwali, kisha katika njia inayotoka kwenye tovuti kwenda ghalani, kwa sababu ukipanua chumba ukaacha mlango mwembamba hujafanya kitu. Herufi za wazee wa Malindi zikaharibika katikati ya safari, akazirudisha, akaanza upya. Nilikuwa nikimtania kwamba atafunga na sitta, zile siku sita za baada ya Idi, kabla hajamaliza.

"Nshamaliza nusu," alikuwa akinijibu, kila siku nusu ile ile.

Siku aliyokuwa anahamisha salamu za zamani nilipita kuchukua za jioni, alizonichapia kwenye karatasi wakati ghala linatengenezwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye kikapu cha nyaya. Alikuwa analinganisha ghala la zamani na skrini yangu, na akakuta ghalani mna salamu nyingi kuliko nilizopata kuonyeshwa. Akakumbuka sababu. Zamani zile alitega programu ndogo ya kuficha salamu zisizo na ujumbe, ili nisihangaike nazo hewani. Alidhani ni watoto wanaochezea tovuti. Hazikufutwa, zilifichwa tu, na sasa alizifungua ili azihamishe pamoja na nyengine.

Nilimwona anavua miwani. Sikuwa nimemwamkia.

"Bi Biasha, njoo unisomee hapa."

Nikainama. Safu ya jina: Rawiya. Safu ya mahali: Maskati. Anayemsalimia: Baba, Kiponda. Safu ya ujumbe ilikuwa tupu.

"Pana jina," nikasema. "Maneno hamna."

"Teremka chini."

Nikateremka. Idi kubwa ya mwaka ule ule aliofariki Bi Maha: Rawiya, Maskati, Baba, tupu. Idi ndogo iliyofuata: tupu. Idi kubwa: tupu. Kila Sikukuu Mosi alipokuwa amekaa nje ya kioo changu na kanzu yake, mwanawe alikuwa amemwandikia, na maneno yake yalikuwa yamekatwa na ghala la baba yake mwenyewe, na jina lake limefichwa kwa programu aliyoitega baba yake mwenyewe.

"Itakuwa alianza na ua," Jamil akasema. "Ua la waridi. Mama'ake alikuwa hapeleki sahani ya futari kwa jirani bila ya kutia waridi juu ya kawa, kile kifuniko cha ukili. Alimfunza mtoto hivyo. Kitu chochote anachokutumia, ua kwanza."

"Hayapatikani hayo maneno? Hata kwenye ile nakala?"

"Yaliyokatwa hayakuwekwa pahala." Akavaa miwani, akavua tena. "Kiarabu nlikirudisha kwa sababu kilikuwemo, kimevurugika tu. Hiki hakimo."

Niliendelea kuteremka kwenye skrini, natafuta ya karibuni. Idi iliyopita haikuwepo. Nikapanda juu, nikateremka tena. Rawiya alikuwa ameandika kila Idi bila ya kujibiwa, na ile ya mwisho hakuandika. Alichoka. Ningechoka mapema zaidi.

"Mpigie simu," nikamwambia.

"Nlimkataza."

"Ulimkataza yeye kukupigia wewe. Wewe hukujikataza."

"Nikipiga nimwambie nini? Mimi ndo nianze? Nimwamkie mwanangu?"

Hapo nilimkasirikia, na hasira yangu ikitoka haichagui cheo. "Ukubwa jaa, Bwana Jamil. Kila kitu kinatupwa juu yake na linanyamaza. Weye unataka ukubwa wa kuletewa tu? Mtoto kashakuamkia mpaka kachoka!"

Nikachukua salamu zangu nikatoka, na mlango nikaubamiza, kisha nikaona haya ngazini kwa sababu ilikuwa Ramadhani.

Mwezi ukaandama. Sikukuu Mosi nilifika studioni na dera langu jipya, nikamkuta Jamil ameshafika, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Ghala lilikuwa tayari. Salamu zilimiminika na emoji zake, na mimi nikazisoma zote, mioyo na maua na mtu anayelia kwa kucheka, kwa sababu Ayoub alisema zisomwe. Bi Sichana alipata salamu kutoka kwa Wakil na mkwe wake, na nikahakikisha sikuongeza kitu. Kila nilipoinua macho nilimwona Jamil ameinamia skrini yake ndogo nje ya kioo, anaangalia majina yanavyoingia. Jina la Rawiya halikuingia. Alikuwa amelifungua dirisha, lakini mtu wa nje alishaondoka.

Kipindi kilipokaribia mwisho nilimwona anainuka, anakwenda kwenye meza yake. Nikadhani anachukua kofia aondoke. Nilikuwa na salamu chache zilizobaki. Nikasoma ya Mbweni, nikasoma ya Makunduchi, na ya mwisho ikatokea wakati nimeshaanza kuaga.

Jina: Jamil. Mahali: Kiponda. Anayesalimiwa: Rawiya, Maskati.

Tunasikika Maskati kupitia mtandao. Nikasogea karibu na kipaza sauti.

"Jamil wa Kiponda anamjibu mwanawe Rawiya aliyeko Maskati," nikasema, nikabadilisha "anamsalimu" kuwa "anamjibu" kwa ruhusa yangu mwenyewe. "Ujumbe wake unasema: Marahaba."

Nikateremsha macho.

"Marahaba," nikasoma. "Marahaba. Marahaba."

Ayoub, aliyekuwa kwenye mitambo, akanipungia mkono akidhani mashine imekwama. Nikaendelea. Alikuwa ameandika moja kwa kila salamu tupu, kila moja kwenye mstari wake, na mimi nilizisoma zote polepole, kila moja mpaka mwisho wake, kama anavyozisema yeye. Sauti yangu iliharibika kabla sijafika chini. Ya mwisho nilisoma vibaya.

Tukapiga wimbo. Nilipotoka, Jamil alikuwa amesimama karibu na ngazi, kofia mkononi.

"Umesoma vizuri," akasema.

Hakukuja kitu jioni ile. Najua kwa sababu nilikaa mpaka watu wa taarifa ya habari wakanifukuza, nikiangalia. Yeye alikwenda zake kupitia kichochoro cha nyuma, ili asipite kwenye baraza za watu waliovaa na wageni wao. Nilimtazama kutoka dirishani. Anatembea kama mtu aliyebeba kitu kizito, na mikononi hana kitu.

Sikukuu Pili si zamu yangu. Nilikwenda hivyo hivyo, nikamwambia mume wangu nimesahau miwani. Jamil alikuwepo, na yeye sikumuuliza amesahau nini. Nikawasha kompyuta ya studio. Zilikuwa zimeingia salamu za wivu na za mapenzi na za wanaodaiana mkono wa Idi, zile pesa za zawadi, na katikati yao jina nililolitaka.

Nilimwita kwa kugonga kioo. Akaja, akasimama nyuma yangu.

Rawiya. Maskati. Anayemsalimia: Baba, Kiponda. Na kwenye safu ya ujumbe palikuwa na waridi moja jekundu, na baada yake hapana neno hata moja. Katika ghala la zamani ingekuwa tupu kama zile nyengine, ikafichwa.

Jamil aliweka kidole kwenye skrini, kitu ambacho ameshatugombeza sote kwa kukifanya.

"Limefika zima," akasema.

Nikamuuliza kama lisomwe jioni. Akatikisa kichwa. "Hili si la redio, Bi Biasha." Macho yake yalikuwa yamejaa na hakuyaficha. Akatoa simu mfukoni, akatafuta namba kwa muda mrefu, ingawa nina hakika anaijua kwa moyo, akatoka kwenda ngazini na kuurudishia mlango. Mlango wetu haufungi vizuri tangu masika. Mimi ni mtu wa redio, masikio yangu siyawezi.

Nilisikia simu ikiita. Ikaita sana, nikaanza kusema Yarabi, Yarabi, peke yangu mbele ya kipaza sauti kilichozimwa. Kisha ikaacha kuita. Jamil hakusema halo, hakusema jina lake. Alikuwa akisikiliza tu, mpaka nikadhani imekatika.

Halafu nikasikia, neno zima mpaka mwisho wake:

"Marahaba."